Naomba ushauri: tubaki Hoi An na watoto au tuhamie jiji jirani la Da Nang?

Wakuu, habari zenu. Tupo Hoi An, Vietnam, mimi, mke wangu na watoto wawili tangu Agosti. Viza ya mtandaoni ni ya siku 90, nasi tungependa kukaa hadi Machi.

Kinachoninyima usingizi ni mafuriko. Oktoba na Novemba mto Thu Bon hufurika hadi ndani ya mji mkongwe, na nyumba tuliyopanga iko jirani na mto, chumba cha watoto kipo chini. Mdogo ana pumu. Unyevunyevu wa kuta naogopa kuliko maji yenyewe. Kodi tumeshalipa hadi Desemba.

Tuhamie Da Nang, au tupande ghorofani tuvumilie? Na aliyetoka kwa basi kupitia Laos na watoto kutafuta viza mpya, ilimchukua siku ngapi?