Tundu la "kuangusha seva tu": tulizibe usiku wa leo au tusubiri mwisho wa mwezi?

Mleta mada
Wakuu, salaam kutoka Dodoma.

Ofisini kwetu kuna ubishi. Limetoka tangazo la udhaifu kwenye programu tunayoendeshea mashine pepe, yaani kompyuta za kuigizwa ndani ya seva moja: aliye ndani ya mashine pepe moja anaweza kuiangusha seva nzima. Haibi data, hasomi nywila. Bosi anasema lisubiri mwisho wa mwezi, maana "ni kuangusha seva tu". Mimi nasema lizibwe usiku wa leo.

Kwa asiyeijua kazi hii: seva yetu ni moja, ndani yake mashine pepe sita. Ni nyumba ya wapangaji sita wenye meni swichi moja. Mmoja akiilipua, wote giza, hata aliyechangia umeme jana.

Hilo neno "tu" linaniuma. Juzi hapa diski ilikufa, mfumo ukakata saa tatu asubuhi. Dirishani alikuwepo bibi kutoka Mvumi, risiti kaifunga kwenye pindo la kanga. Akaambiwa mfumo hakuna, rudi kesho. Akakaa kwenye benchi hadi saa tisa, kwa sababu nauli ya kesho hana. Data yake ilikuwa salama kabisa.

Mchangiaji wa kwanza
Pole mkuu, ila punguza hofu. Mshambuliaji lazima awe tayari na mamlaka ya juu ndani ya mashine pepe. Ofisini kwenu anayo nani zaidi yako? Na apdeti nazo huangusha. Yangu iliwahi kugoma kuwaka mpaka kukakucha. Bibi wa Mvumi angekosa huduma vilevile.

Mchangiaji wa pili
Mnakumbuka tundu lililoitwa VENOM, Mei 2015? Lilikuwa kwenye QEMU, programu nyingine ya kuendeshea mashine pepe, sehemu inayoigiza kiendeshi cha flopi (zile diski za zamani), limekaa humo tangu 2004. Hata kama hukuweka flopi, lilifikika. Hilo nalo lilitaka mtu aliyeko ndani. Na mwenye kusubiri aangalie VMware ESXi, nayo ni programu ya kazi hiyohiyo: marekebisho yalitoka Februari 2021, Februari 2023 seva zikafungwa kwa wingi na wahalifu wanaodai pesa ndipo wazifungue, na tundu lililotajwa na wataalamu wa usalama wa mtandao wa Ufaransa ni hilohilo la miaka miwili nyuma.

Mchangiaji wa tatu
Nunueni seva ya pili, mhamishie mashine pepe huko zikiwa zinafanya kazi, kisha mzibe hii bila kukata huduma. Ubishi umekwisha.

Mleta mada
Ndugu, seva ya pili tumeiomba. Hadi bajeti ya Julai.

Mchangiaji wa kwanza, umeuliza nani anayo mamlaka. Kati ya zile sita, moja ni tovuti iliyo wazi kwa dunia nzima, imejengwa na kijana wa mafunzo kwa vitendo aliyeshaondoka. Tovuti hiyo ikidukuliwa, mgeni keshakuwa mpangaji.

Hoja ya apdeti kugoma naikubali, imenikuta. Ndiyo maana nimeshachukua bakapu ya zote sita kwenye diski ya nje, na kuanzia saa mbili usiku mpaka dirisha lifunguliwe nina saa kumi na mbili. Usiku wa tarehe 30 nao una saa hizohizo.