Kasherehe ka washkaji tarehe 26 Desemba, tunataka kawasaidie na watoto wa kituo cha yatima. Tufanyeje?

Ngosha_Igoma:
Wakuu habari za jioni. Sisi tuko kama kumi na mbili hivi, wengi tumesoma pamoja, kila tarehe 26 Desemba tunakutana kwangu hapa Igoma, Mwanza, tunachoma mbuzi, tunapiga stori, basi. Mwaka jana nikasema kila anayekuja aje na chochote cha watoto yatima, aisee nilijuta. Nilipata sukari kilo mbili, biskuti boksi moja na mfuko wa nguo ambao ndani nilikuta blauzi ya mtu mzima imetoboka kwapani na kiatu cha mguu mmoja. Mguu mmoja wakuu!! Na mbuzi wawili wakaisha. Ikabidi niongezee mchele kwa hela yangu ndo nipate uso wa kwenda kukabidhi. Mwaka huu tuchange hela au vitu? Na hawa wa "natuma jioni" mnawabanaje?

MamaP_Kirumba:
Pole kaka yangu nimecheka lakini. Vitu achana navyo, chukua hela, na kabla hujanunua hata kiberiti mpigie mlezi wa kituo umuulize wameishiwa nini. Sisi na wenzangu wa kikoba tulishapeleka mafuta ya kula ndoo nne tukakuta stoo yamejaa, yule dada katupokea vizuri tu ila wakati tunatoka akaninong'oneza "sabuni sasa ndo hatuna". Kuhusu wa natuma jioni, mbuzi asinunuliwe mpaka hela iingie, asiyetuma hahesabiwi kwenye nyama. Na mweka hazina awe mwanamke, msinibishie.

Mtu_wa_Mwaloni:
Kama ni kitoweo pelekeni dagaa, sato mwachieni mwenyewe, watoto wote wale miiba nani atawachambulia? Ila usikurupuke mkuu, angalia mwezi kwanza. Mbalamwezi ikiwa kali dagaa hawafuati taa, mitumbwi inapaki, bei inapaa, we subiri kiza. Halafu ukifika sokoni usidanganyike na wa juu ya gunia, zamisha mkono mpaka chini utoe konzi, sugua kwenye kiganja, ukisikia mchanga ujue walianikwa chini hao, tafuta wa kwenye chanja. Na hizi mvua za Desemba wengine wananyeshewa wakiwa bado hawajakauka, nusa kwanza.

Mwl_Buhongwa:
Mi nitaenda tofauti kidogo. Sikukuu hivyo vituo vinapata wageni mpaka watoto wanachoka kuimbishwa, kanisa limekuja, ofisi imekuja, grupu la wasapu limekuja, siku moja pilau tatu. Njooni Januari shule zikifunguliwa muone. Ada hamna tangu 2016 sawa, lakini sare, viatu, madaftari nani ananunua? Nina mtoto darasani kwangu daftari moja analitumia kwa masomo matatu, kakunja kona za karatasi ajue hesabu inaanzia wapi. Nyie kuleni mbuzi wenu, changeni siku hiyohiyo watu wakiwa wameshiba, ila mzigo uende wiki ya kwanza ya Januari. Na tafadhali msiwapange watoto mstari na miche ya sabuni mkononi mkawaposti.

MamaP_Kirumba:
Mwalimu umeongea, ila hiyo "tutapeleka Januari" ndo hela zinapofia, tunajuana. Nunueni vitu kabisa tarehe 27.

Mwl_Buhongwa:
Si umesema mweka hazina awe mwanamke 😂

Ngosha_Igoma:
Wabeja sana wakuu. Leo mchana nimempigia mlezi, kasema viatu vyeusi vya shule namba 31 mpaka 36 na dagaa wakipatikana, nikamuuliza na biskuti je, akacheka tu. Mbuzi tumeshusha awe mmoja, kuna mshkaji kanuna mpaka kaleft grupu, atarudi akisikia harufu. Mtu wa Mwaloni njoo inbox unambie kiza kinaanza lini.