Mashine inalia kila hatua, nachimbua misumari tu. Msaada kwa waliozoea udongo wa Chunya

Kijana_Matundasi
Wakuu, shikamooni.

Tumechangishana watatu tukanunua mashine ya kutafutia dhahabu, GPX 5000 iliyotumika, na koili zake mbili (lile sahani la chini linalopita juu ya udongo) za inchi 11: mono, yenye mzunguko mmoja wa waya, na DD, yenye miwili. Tunatembeza kwenye leseni ya mjomba huku Matundasi. Ruhusa ya maandishi tunayo na mgao tumeshakubaliana, hilo lisitupotezee muda.

Shida ni kelele. Nikiwasha kuna kamlio kembamba kama mbu, haka hakaishi. Nikianza kutembea ndiyo balaa, inalia kila hatua. Jana toka saa 12 asubuhi mpaka saa 6 mchana nimechimba mashimo 31. Mavuno: misumari, ganda la risasi, vifuniko vya soda, kijiti cha mwamvuli. Mashimo 12 yalikuwa na mawe mekundu tu. Mke wangu ameshaipa jina, "jembe la umeme".

Nimeweka koili ya mono, mpangilio wa udongo Normal, na Rx Gain, yaani usikivu wa mashine, nimepandisha mpaka mwisho, maana aliyetuuzia alisema ukipandisha ndiyo inaona mbali. Nakosea wapi?

Mama_Karai
Marahaba. Kabla hujagusa kitufe chochote: miguuni umevaa nini, simu unaweka wapi, na mfuniko wa chini ya koili mmeufungua lini mara ya mwisho?

Kijana_Matundasi
Buti za kazi, zile zenye chuma mbele, nilibaki nazo toka nilipokuwa kibarua kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Simu mfuko wa shati. Mfuniko? Sikujua kama unafunguka.

Mama_Karai
Basi mdogo wangu, kila hatua mashine inakuonyesha buti yako mwenyewe. Vaa raba. Simu izime, iache kambini.

Mfuniko huo ulinitesa mimi wiki mbili nzima. Mvua zikinyesha tope linaingia kati yake na koili, na udongo wetu una ule mchanga mweusi wa chuma. Ukitikisika humo ndani, mashine inalia, nawe unachimba. Fungua, piga mswaki, kausha, rudishia, zungushia selotepu ya umeme ukingoni. Waya nao uufunge uambae na mpini, usining'inie.

Sasa mipangilio. Aliyekuuzia alitaka hela yako. Gain ya mwisho kwenye udongo mwekundu ni sawa na kupandisha redio ambayo haijashika stesheni. Ishushe. Anza na koili ya DD na mpangilio wa Enhance, ndiyo ya udongo wenye chuma kingi. Ukishuka korongoni kwenye mchanga mtulivu, hapo rudi mono na Normal, inaenda chini zaidi. Swichi ya koili ibadilishe pia, watu wengi husahau.

Halafu isawazishe na ardhi: tafuta mahali pasipo na chuma, shikilia kitufe cha kwenye mshikio, pandisha na kushusha koili polepole mpaka mlio utulie, uachie. Udongo ukibadilika rangi, rudia.

Huyo mbu usimuue! Kipande kidogo hakipigi kelele, kinaupinda tu ule mlio wa mbu. Ndiyo maana nasema vaa hedifoni.

Na ujipime. Chukua chubwi ya ndoano, ipondeponde ibaki kama punje ya mchele, ifukie kina cha vidole vinne. Pita juu yake ukibadilisha gain. Usitafute sauti kubwa, tafuta sauti safi. Hapo ndipo pako.

Fundi_Koili
Mi naona anunue koili ya inchi 18 tu, aende chini, amalize.

Mama_Karai
Atamaliza mabega. Kubwa inafuata kipande kikubwa kilichozama. Vidogo inaviruka, na Matundasi vidogo ndivyo vinavyolipa mafuta.

Babu_wa_Makete
Dhahabu ya Lupa, yaani huku kwetu Chunya, ilianza kuchimbwa miaka ya 1920, na wazee wetu walitoka Ukinga kwa miguu kuja kuwa vibarua wa Wazungu. Hayo makopo na misumari ndiyo kambi zao hizo, kijana, usizikimbie. Walichekecha kwa mkono, kipande kikubwa kuliko tundu la chekecheo kiliweza kutupwa na kokoto. Pitisha mashine juu ya vifusi. Kwenye sululu gundisha sumaku ya spika bovu, misumari itaruka yenyewe. Sululu tu iweke mbali ukiwa unatembeza.

Kijana_Matundasi
Wakuu, nimerudi. Chini ya mfuniko limetoka tope nusu kikombe, nimelipitishia sumaku likasimama kama manyoya. Nimevaa raba, DD, Enhance. Mashimo 9 tu leo. La saba lilikuwa kwenye kifusi, na pale mbu alishuka sauti kidogo, akapanda, nikadhani ni masikio yangu. Gramu 0.8 kwa mizani ya mjomba. Ndaga fijo, asanteni sana!

Kimebaki kitu kimoja. Ikifika saa 4 kelele zinarudi, na sijagusa kitu.

Mama_Karai
Karasha la jirani linawashwa saa ngapi?

Kijana_Matundasi
...Saa 4.

Mama_Karai
Umeme wake ndio unaoingilia mashine. Sogea mbali nalo, bonyeza Auto Tune mashine ijitafutie mahali penye utulivu, koili usiitikise kama dakika moja mpaka imalize. Ikigoma, weka koili ya DD na swichi ya koili kwenye Cancel, ndiyo ya kuzima kelele za umeme. Kina kitapungua, lakini utasikia.