Naomba ushauri: kazi za mikono za Krismasi na watoto kwa shilingi 20,000

Baba wa Kimara
Ndugu wadau, salamu. Shule zimefungwa na nina watoto watatu nyumbani, wa miaka 11, 8 na 4. Mwaka huu ningependa tutengeneze wenyewe mapambo ya Krismasi na zawadi ndogo ndogo, badala ya kununua zile za Kariakoo ambazo huchakaa kabla ya Januari kuisha. Bajeti yangu ni shilingi 20,000 kwa kila kitu. Naomba kazi rahisi, na ikiwezekana ziwe za kuwashughulisha mfululizo kuanzia sasa hadi sikukuu ipite. Kwa kuwa miti ya kwetu Marangu iko mbali, nimeshaleta tawi kubwa la mvinje na kilo mbili za unga wa ngano.

Shangazi wa Pangani
Mwanangu, huo unga wakaangie watoto maandazi. Nenda sokoni ununue fungu la miyaa, uichane, kisha uichemshe kwa rangi ya unga ile wanayotumia wasuka mikeka. Mkubwa wako akielekezwa kwa utulivu ataweza kusuka ukili mwembamba, na ukishonwa kwa kuzungushwa unakuwa kitako cha kuwekea sufuria ambacho bibi yeyote atakipokea kwa furaha. Mimi nilifundishwa na bibi yangu mzaa mama, ambaye akiona umekosea alifumua yote bila kukuambia kosa lilikuwa wapi, nawe ukaanza upya huku wenzako wanacheza. Siku hizi watoto wanasifiwa hata kwa kushika ukindu tu.

Mstaafu wa Chaki
Unga usiupuuze. Changanya vikombe viwili vya unga na kikombe kimoja cha chumvi laini, ongeza maji kidogo kidogo mpaka upate donge lisiloganda mikononi, kisha watoto wakate nyota kwa kisu butu na kutoboa tundu la uzi kabla halijakauka. Gundi nayo ni hiyo hiyo ngano: koroga vijiko viwili katika maji baridi, umimine kwenye maji yanayochemka na uendelee kukoroga hadi uji uwe mzito. Kwa nyota kubwa ya mlangoni, chomoa chelewa tano kwenye ufagio, zifunge kwa uzi, kisha uzivike karatasi za rangi zile za vishada.

Mpiga Chapa
Kwenye gundi hiyo ongeza mrututu kidogo, mende hawataigusa.

Mstaafu wa Chaki
Mrututu ni sumu, na mleta mada ana mtoto wa miaka minne. Naomba ushauri huo usifuatwe.

Waya na Kandambili
Sisi tulitengeneza magari ya waya yenye matairi ya kandambili zilizokatika, na hakuna mzazi aliyetupangia bajeti. Langu lilikuwa na usukani mrefu, nikaliendesha hadi mtoni na kurudi jioni nikiwa nimesahau mbuzi niliotumwa kuwachunga. Hata hivyo nina swali. Mtu wa Marangu, mwenye mama yake huko, anapambaje tawi la mvinje Dar es Salaam mpaka sikukuu ipite? Mwaka huu hampandi kwenda nyumbani Kilimanjaro?

Baba wa Kimara
Swali hilo halihusiani sana na mapambo, lakini nitalijibu. Mwaka huu hatupandi. Mwezi uliopita kilitokea kiwanja ambacho kisingengoja, nikatoa fedha za nauli kuwa sehemu ya malipo ya awali. Ni uamuzi wa maendeleo, na ninaamini kila mzazi mwenye kuona mbali angefanya vivyo hivyo.

Waya na Kandambili
Watoto wanajua?

Baba wa Kimara
Bado. Mabegi yao wameyapanga tangu shule zifungwe. Mama yangu naye bado sijamwambia, kwa sababu ameshachagua mbuzi. Mawazo yangu ni kwamba mtoto mwenye kazi mikononi hahesabu tarehe, na ndiyo maana niliomba kazi za siku nyingi.

Shangazi wa Pangani
Basi ukili ndio dawa yako, hauishi upesi. Ila kumficha mama ni jambo jingine, mwanangu, na halifungwi kwa gundi ya ngano.

Jicho la Tatu
Nasema wazi kwamba hii ni chai. Hakuna Mchaga anayekula nauli ya Desemba kisha akaja kuuliza kuhusu nyota za unga. Mleta mada ameomba kazi rahisi, za umri tatu tofauti, za gharama ndogo na za siku nyingi. Huo ni mpangilio wa mtu anayeandaa darasa la likizo la kulipiwa, nasi tunamwandikia kijitabu bure. Tusubiri Januari tukione kinauzwa.

Baba wa Kimara
Ningekuwa na darasa la kulipiwa, nauli ingepatikana.

Mpiga Chapa
Hapo amejibu vizuri.

Mstaafu wa Chaki
Hata kama kisa ni cha kutungwa, gundi yangu ni ya kweli, na wako wanaosoma kimya kimya wakiihitaji. Nikumbushe tu kwamba kwa unyevu wa Dar es Salaam nyota za chumvi hulainika baada ya siku chache, kwa sababu chumvi huvuta maji hewani. Zikikauka kabisa zipakwe rangi ya kucha pande zote mbili. Usipoipata, tumia udongo wa kichuguu: unashikana vizuri, na kwa wanyama wa pango la Noeli unapendeza kuliko unga.

Mama Kihamba
Mimi ni wa Kilema, kwa hiyo naongea na jirani. Achana na nyota kwanza. Mtu aliyemkosea mzazi kwetu anapeleka isale, jani limefungwa fundo, na mzee akishalipokea ni vigumu sana kukataa kusamehe. Mpigie mama leo, kabla mbuzi hajafungwa kamba, kisha isale lifuate kwa mtu anayepanda.

Baba wa Kimara
Asante, mama. Nimelitafakari. Je, isale lililokatwa na watoto kwenye karatasi ya kijani na kuambatishwa na kadi walizozichora wenyewe, litakubalika? Karatasi ninazo tayari.

Mama Kihamba
Halikubaliki. Wauza miche ya maua kando ya barabara wanalo, tena halizidi bajeti yako. Hizo kadi watoto wazichore, lakini wakiwa wanajua ni za kumpelekea nani na kwa nini hawazipeleki wenyewe.