Naombeni ushauri: nachanganya "lose" na "loose" kwenye barua za kazi

BintiKirumba:
Wakuu, habari za jioni. Nipo Mwanza, ofisini kwenye kiwanda cha minofu ya sangara. Kazi yangu ni kujibu barua pepe za wateja wa nje. Shule ya msingi nilisoma kwa Kiswahili kama wengi wetu, masomo kwa Kiingereza nikaanza nayo kidato cha kwanza, na mpaka leo kuna maneno yananipiga chenga.

Wiki iliyopita ndege ilichelewa. Nikamwandikia mteja: "We may loose the fish", nikimaanisha huenda mzigo tukaupoteza. Akajibu akiuliza kwa nini minofu haifungwi tena kwenye maboksi, wakati mkataba unataka ifungwe. Bosi akaisoma kwa sauti mbele ya wenzangu. Usiku ule sikulala.

Kinachoniuma zaidi, kompyuta haikupiga hata mstari mwekundu. Mengine ni "borrow" na "lend", "advice" na "advise". Nisaidieni namna ya kuyashika.

MzeeWaMwaloni:
Pole sana binti yangu. Huyo mteja hakukuonea. Kwenye mizigo, "loose" ni samaki aliyemwagwa hivi hivi bila kufungwa. Alisoma ulichoandika.

Ticha_Nyegezi:
Dada, kompyuta inakagua tahajia, na "loose" ni neno halali, ndiyo maana ilinyamaza. Anza na sikio. "Lose" inaishia na sauti ya z, "loose" inaishia na s. Ukija kwenye kuandika, kumbuka "lose" ndilo lililopoteza o moja.

"Borrow" na "lend" zinatutesa kwa sababu ya lugha yetu wenyewe. Tunasema "niazime jembe", na tunasema "nimeazima jembe kwa jirani". Kitenzi kilekile, anayetoa na anayepokea. Ndipo mtu anaandika "borrow me". Achana na kuazima, tumia kukopa na kukopesha: "borrow" ni kukopa, "lend" ni kukopesha. Hapo hakuna Mtanzania anayekosea, maana pesa imo.

"Advice" yenye c ni nomino, ushauri wenyewe. "Advise" yenye s ni kitenzi, kushauri. Na usiandike "advices"; hata ushauri wetu hauna wingi. Leseni nayo ni hivyo hivyo kwa Kiingereza cha Uingereza: "licence" ni karatasi unayobandika ukutani, "license" ni kitendo cha kuitoa. Wamarekani wanaandika "license" kote, kwa hiyo mteja wa kule usimsahihishe.

Mabango_Igoma:
Mimi nachora mabango. Mwenye duka la kalamu na fotokopi aliniandikia STATIONARY kwenye karatasi, nikachora vilevile, herufi nyekundu kubwa. Kumbe maana yake ni kitu kilichosimama pale pale. Mwanafunzi mmoja akamwonyesha, nikarudia kwa rangi yangu mwenyewe. Siku hizi nakumbuka e ya "envelope": bahasha inauzwa "stationery".

Ticha_Nyegezi:
Na maneno hayo ni ndugu. Zamani Uingereza "stationer" alikuwa muuza vitabu na karatasi mwenye kibanda cha kudumu, tofauti na wachuuzi wa kutembeza kama machinga wetu.

Kijana_Buzuruga:
Mimi kukariri orodha kulinishinda. Nina daftari dogo, kila kosa nililosahihishwa naliandika na sentensi yake nzima. Sentensi iliyokuaibisha huisahau.

BintiKirumba:
Asanteni sana, nimefarijika. Ticha, hiyo ya kukopesha imeniingia. Leo nimeandika "Could you lend us" bila kumuuliza mtu. Ila kuna moja tena. Mteja anataka mzigo ufike mpaka Ijumaa, na mwenzangu ameandika "We will deliver until Friday". Ni sawa?

Ticha_Nyegezi:
Si sawa. "Until Friday" maana yake mtapeleka, mtapeleka, Ijumaa mnaacha. Mzigo usiopita Ijumaa ni "by Friday". "Mpaka" yetu inabeba yote mawili, ndiyo mtego. Je, ameshaituma?

BintiKirumba:
Bado, namwona anaisoma upya. Naenda mezani kwake sasa hivi.