Mama alichanjwa chanjo ya korona ya Janssen, nyongeza iliyopo ni Pfizer: achanje au tusubiri?

Mwana_Tanga
Wakubwa shikamooni, wengine habari za leo. Mama yangu ana miaka 67 na ana kisukari. Agosti 2021, wiki chache baada ya Rais Samia kuchanjwa hadharani, naye alichanja Janssen, ile ya dozi moja. Juzi nimempeleka kwa ajili ya dozi ya nyongeza, tukaambiwa iliyopo ni Pfizer. Jirani akamwambia chanjo mbili tofauti zinapigana mwilini, na tangu hapo hataki hata kulisikia jambo hili. Naogopa kumlazimisha, na kumwacha hivihivi naogopa pia. Tusubiri Janssen?

Dereva_Mstaafu
Mimi ningesubiri ileile. Dizeli na petroli hazichanganywi.

Nesi_wa_Zamu
Mzee wangu, shikamoo, ila mfano wa mafuta hauingii hapa. Janssen ya Agosti haimo tena mwilini ikingoja kupigana na mtu. Kilichobaki ni kumbukumbu ya kinga. Janssen hutumia kirusi kisichoweza kuzaliana, Pfizer hutumia mRNA, yaani ujumbe wa maelekezo kwa seli, lakini zote mbili zinaufundisha mwili kuitambua ile protini ya miiba ya kirusi cha korona.

Tena kwa waliochanja Janssen, kubadilisha kuna faida. Marekani walilipima hili mwaka 2021: baada ya siku 15, waliorudia Janssen kingamwili zao zilipanda kama mara 4, waliopewa Pfizer mara 35, Moderna mara 76. Hicho ni kipimo cha damu tu, hakisemi nani ataugua na nani hataugua, lakini tofauti ni kubwa. Desemba 2021 Shirika la Afya Duniani nalo likaridhia utaratibu huo. Hata Angela Merkel, aliyekuwa Kansela wa Ujerumani, alianza na AstraZeneca, dozi ya pili akapewa Moderna.

Kwa umri wake na kisukari, mimi nisingemsubirisha. Aende na kadi, aseme dawa anazotumia, na kama dozi ya kwanza ilimletea mzio mkali aseme kabla ya sindano. Homa au mkono kuuma siku moja mbili ni kawaida, na wanaochanganya wakati mwingine huumwa zaidi kidogo. Siku hizo mpimie sukari mara kwa mara.

Mama_Wawili
Mimi Sinopharm mbili, nyongeza Pfizer. Homa usiku mmoja, asubuhi nikaenda sokoni. Ila hakikisheni jina la chanjo na tarehe vinaandikwa kwenye kadi mkiwa palepale. Yangu iliachwa wazi, nikahangaika nayo wiki nzima.

Dereva_Mstaafu
Marahaba nesi. Hilo la kumbukumbu sikulijua. Kijana, mpeleke mama.

Mwana_Tanga
Asanteni sana. Nimemsomea mama yote, neno kwa neno. Akanyamaza, kisha akauliza: "Huyo mama wa Ujerumani, mzima?" Nikamwambia mzima. Tunakwenda Jumatatu.