Neno "bank" la Kiingereza: ni neno moja au ni maneno matatu?

Mfasiri Mwanagenzi ameuliza:

Ndugu zangu wapenda lugha, naomba msaada. Katika kufasiri simulizi ya wavuvi wa Bahari ya Kaskazini nilikutana na sentensi isemayo kwamba merikebu ilifika kwenye "bank" na wavuvi wakashusha nyavu. Kwa kuwa nilijua kwamba neno hilo, mbali na benki ya fedha, lina maana ya ukingo wa mto, niliandika kwamba merikebu ilifika ukingoni. Mhariri alinirudishia ukurasa ukiwa na mstari mwekundu chini ya neno hilo, na pembeni ameandika: "Ukingo upi, ilhali aya iliyotangulia inasema nchi kavu haionekani?" Nilipofungua kamusi nilikuta vidahizo vitatu, yaani maneno yanayoorodheshwa ili yafafanuliwe, kila kimoja na namba yake, na chini yake maana tele: ukingo, mwinamo, lundo, safu, kulaza ndege upande angani, kufukia moto, na benki yenyewe. Je, hili ni neno moja lililotanuka, au ni maneno mbalimbali yaliyogongana kwa sauti tu, kama lilivyo kwetu kaa la moto, kaa wa baharini na kaa kitako?

Mzee wa Vidahizo amejibu:

Mwanagenzi, mhariri wako ana haki. Kinachotajwa pale ni fungu, yaani mahali ambapo mchanga umeinuka chini ya bahari hata kina cha maji kikawa kifupi kuliko cha pande zinazolizunguka. Dogger Bank katika Bahari ya Kaskazini ni fungu la namna hiyo, na Grand Banks karibu na Newfoundland, Kanada, ni mafungu yaliyosifika kwa karne nyingi kwa wingi wa samaki.

Ukingo na fungu ni maana za neno moja, na wazo lililo chini yake ni mahali palipoinuka. Neno hilo liliingia katika Kiingereza takriban mwaka 1200, kutoka katika lugha za Skandinavia ambazo walowezi wa Kiviking walikuwa wamezileta Uingereza. Udongo ulioinuka kando ya maji ni ukingo, ulioinuka chini ya maji ni fungu. Majivu yanayorundikwa juu ya makaa ili moto ulale bila kuzimika hadi asubuhi yanafuata wazo hilohilo, na rubani anayeilaza ndege ili ikate kona, bawa moja juu na jingine chini, anaigiza mteremko wa ukingo.

Neno la fedha lilipita njia nyingine. Katika miji ya Italia ya Enzi za Kati wabadilishaji fedha walifanyia kazi yao kwenye benchi au meza, nayo iliitwa "banca" au "banco". Kiingereza kililipata neno hilo mwishoni mwa karne ya 15, na kufikia mwaka 1694, Bank of England ilipoanzishwa, lilikuwa tayari jina la taasisi. Kidahizo cha tatu, kile cha safu, kilitoka kwa Wafaransa, ambao "banc" yao ni benchi pia, likiwemo benchi la wapiga makasia. Ndiyo maana safu ya makasia, na siku hizi hata safu ya swichi ukutani, huitwa kwa neno hilo.

Hata hivyo, Waitalia na Wafaransa nao walikuwa wamelichukua neno la benchi kutoka lugha za Kijerumaniki, yaani ukoo wa lugha wenye Kijerumani, Kiingereza na lugha za Skandinavia, kwenye shina lilelile lililowapa Waskandinavia neno la kilima na ukingo. Kwa hiyo vidahizo vyako vitatu havifanani na kaa wetu watatu. Hao ni wageni waliokutana njiani, lakini hivi ni ndugu waliolelewa nyumba tofauti. Nasi tumewapokea wawili wa ukoo huo bila kuwatambua, maana benki na benchi, yote tuliyoyachukua kutoka Kiingereza, yana babu mmoja.

Mchambuzi wa Maana amejibu:

Nayakubali maelezo ya Mzee kuhusu asili, ila sioni kwamba yanamaliza swali. Mtu anayezungumza Kiingereza leo haoni benchi lolote anapoingia benki, wala haoni benki anapoketi ukingoni mwa mto. Kwake hayo ni maneno mawili, na watunga kamusi wanaoyatenga wanafanya sawa. Udugu wa kale ni habari ya historia, lakini polisemia (neno moja lenye maana nyingi zinazohusiana) na homonimia (maneno mbalimbali yanayofanana kwa umbo tu) hupimwa pia kwa jinsi wasemaji wanavyolielewa neno sasa. Tazameni Kijerumani, ambacho kina "Bank" moja kwa benchi na kwa taasisi ya fedha, lakini kwenye wingi huachana: mabenchi ni "Bänke", mabenki ni "Banken". Wasemaji wenyewe wameweka mpaka. Kihispania hakikujali, kwani "banco" ni benchi na ni benki, umoja na wingi.

Mpenda Maneno amejibu:

Naongezea ukoo kidogo. Neno la Kiingereza la kufilisika, "bankrupt", limetokana na "banca rotta" ya Kiitaliano, yaani benchi lililovunjika. Wapo wanaosimulia kwamba meza ya mfilisika ilivunjwavunjwa hadharani, hadithi tamu ambayo mimi siiamini sana, kwa kuwa sitiari ingetosha. "Banquet", karamu, ni benchi dogo kwa asili, na tapeli wa dawa aitwaye "mountebank" ni yule aliyepanda juu ya benchi ili umati umwone. Ama benki ya damu, jina hilo lilibuniwa na daktari Bernard Fantus mjini Chicago mwaka 1937, na hapo hakuna tena benchi wala fedha, limebaki wazo la kuweka akiba na kutoa tu.

Mfasiri Mwanagenzi amejibu:

Nawashukuru nyote. Sentensi sasa inasomeka: "Merikebu ilifika funguni, wavuvi wakashusha nyavu." Ukurasa unaofuata una "bank" ya ukungu inayoijia merikebu kutoka kaskazini, nami nimeiita ukuta wa ukungu, kwa kuwa fungu la ukungu halikunikaa sikioni.